Siku moja maishani mwangu: fundi wa shaba na mawe, Arusha

Saa 1 asubuhi nafungua kibanda, nafagia, nabandika chai. Mpaka saa 3 nakata shaba nyekundu, naichoma mpaka iive, naizamisha kwenye maji ilainike, naipiga nyundo. Ikikakamaa naichoma tena. Hapo hakuna hadithi.

Hadithi iko kwenye jiwe. Leo ninalo la Longido, lile la kijani lenye madoa mekundu ya rubi. Linaitwa anyolaiti, jina lililotokana na neno la Kimaasai la rangi ya kijani. Watalii wanalipenda, sisi mafundi linatutoa jasho. Rubi ni ngumu kuliko ule ukijani unaoizunguka, kwa hiyo ukisugua kwa pupa kijani kinalika, rubi inabaki imetokeza kama kipele. Basi ni msasa na maji, taratibu, mpaka ncha za vidole zinakunjamana. Saa 5 umeme ukakatika. Nikamalizia kwa mkono.

Saa 7, sahani ya wali maharage ndiyo kwanza imetua, akaingia dada mmoja. Salamu hakuna. Akavua pete yenye jiwe, akaitupa mezani.

"Fundi, umeniuzia feki! Imekuwa nyeusi, na kidole ona, kijani!"

Nikamwambia, dada yangu, hiyo ni shaba tupu. Jasho lako na chumvi yake ndivyo vinavyoleta ukijani, na unatoka kwa sabuni.

"Mbona ya shoga yangu inang'aa?"

Ya shoga yake imepakwa rangi ya dhahabu. Ikibanduka atakuja kwangu vilevile.

"Nirudishie hela yangu."

Wali unapoa, mama ntilie anataka sahani yake. Nikakata ndimu, nikachovya kwenye chumvi, nikasugua shaba huku nikilikwepa jiwe. Dakika moja tu, pete ikawaka kama sarafu mpya. Akaivaa, akanyoosha mkono, akaitazama weee.

"Hapana. Ile nyeusi ilikuwa inalitoa jiwe vizuri. Nirudishie weusi wangu."

Hapo hata saa sikuangalia tena. Nikamwita kijana wa mayai ya kuchemsha. Ukiponda yai likiwa bado la moto, ukalifungia kwenye mfuko pamoja na shaba bila kugusana, salfa ya kile kiini inaitia shaba weusi. Nikamenya, nikaponda, nikafunga. Tukakaa tunangoja, yeye kila dakika mbili, "Bado tu?" Yai la pili akalila yeye na kachumbari. Nililipa mimi.