Kabla Hujapanda Kando ya Ukuta

Miaka tisa iliyopita, tulipohamia nyumba tunayoishi sasa hapa Dar es Salaam, nilinunua miche miwili kwa muuza maua wa kando ya barabara, nikaipanda sentimita 60 hivi kutoka ukutani. Ilikuwa inanifika kiunoni, imekatwa vizuri ikawa duara, na mashina yake matatu membamba yalikuwa yamesukwa pamoja kama nywele. Niliambiwa kwamba ni maua ya uzio. Leo ukuta huo una ufa unaopitisha kidole, na mizizi imeinua kifuniko cha chemba ya maji taka, kwa sababu nilichokipanda hakikuwa kichaka bali fikasi, Ficus benjamina, mti wa jamii moja na mikuyu, ambao huko kwao Asia ukiachwa ukue hufikia mita 30.

Kosa langu lilikuwa kuupima mche kwa macho. Kimo cha mche ulio kwenye kiriba hueleza tu mkasi ulipita lini na mizizi imebanwa kiasi gani. Ukubwa wa baadaye hutokana kwanza na aina ya mmea, kisha udongo, maji na jua. Ndiyo maana siku hizi sinunui mmea nisioujua jina, na jina silikubali mpaka nimekitazama kijiti chake.

Nasema kijiti, si ua, kwa kuwa ua huenda lisiwepo siku unayonunua. Ukichuma jani la fikasi utaona utomvu mweupe, lakini hilo peke yake halitoshi, maana mnyaa nao hutoa utomvu kama huo, tena ulio hatari kwa macho. Tazama ncha ya tawi: fikasi ina chipukizi lililochongoka kama penseli, na penye kila jani kuna mstari mwembamba unaokizunguka kijiti chote kama pete. Mstari huo ni kovu la ngozi laini iliyolifunika jani kabla halijafunguka, na ndugu zake wa jamii ya mikuyu wanao pia. Nimezoea kuutafuta kwa ukucha wa kidole gumba, na kitaluni hunichukua muda mfupi kuliko kuuliza bei.

Baada ya hapo angalia majani yamekaaje. Katika mimea mingine ya uzio, ya duranta na ya mhina hukaa mawili mawili yakikabiliana, ilhali ya haibiskasi, ndugu wa choya, hupishana moja moja na kingo zake zina meno. Mhina una uthibitisho wake wa zamani: ponda majani mabichi kwa maji kidogo, yabane kiganjani, na baada ya muda rangi ya machungwa itakujibu. Bogonvilia haina shida kuijua kwa miiba yake, ila watu wengi huichukulia kuwa kichaka wakati kwa asili ni mmea wa kuparamia, ambao ukipata mti au paa la kuegemea hupanda kwa mita kadhaa.

Jina likishajulikana, ukubwa hukadiriwa vizuri zaidi kwa kutafuta mmea wa aina hiyo uliozeeka bila kukatwa, katika kiwanja kilichotelekezwa au uwanja mpana wa taasisi. Uzio uliotunzwa hudanganya. Kilimanjaro, ambako masale hupandwa kuwa mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga, na jani lake hupelekwa kuomba msamaha, mtu anaweza kuyaona yakiwa ya kimo cha mtu akadhani ndio mwisho wake, kumbe mmea huo, Dracaena fragrans, ukiachiwa unaweza kufikia mita 15. Mhina tunaouona mfupi uani, kwa kuwa unachumwa kila mara, ukiachwa hufikia mita 6.

Upana ndio tunaousahau zaidi. Mimi huchukua upana wa mmea mzima, nikaugawa kwa mbili, nikaongeza nusu mita ya mtu kupita na mkasi, na hapo ndipo shimo huchimbwa. Haibiskasi ninayotarajia itanuke mita 2 nimeipanda mita moja na nusu kutoka ukutani. Kwa sasa inaonekana imesimama peke yake katikati ya mchanga, na wageni huniuliza kwa nini nimeiacha mbali hivyo.

Fikasi ya kwanza ilikatwa mwezi uliopita. Kisiki bado kinachipua kila mvua inaponyesha, na kwenye kila chipukizi pete ile ipo.