Chupa ya Rangi ya Kahawia

Alhamisi, saa nne usiku

Leo nimekoroga sumaku kwa sumaku. Sasa hivi naweza kucheka, mchana sikucheka.

Ninachotengeneza ni chembe za magnetaiti, yale madini meusi ya chuma tuliyokuwa tukiyavuta mchangani utotoni kwa sumaku ya spika mbovu. Unaburuta sumaku, inaota ndevu, wenzako wanakukimbilia nao waone. Ila hizi za maabara zina upana wa nanomita 10 hivi, wakati seli moja nyekundu ya damu ina zaidi ya nanomita 7,000. Huzioni. Unaona tope jeusi tu, na ukisogeza sumaku ubavuni mwa chupa tope lote linahamia upande ule kama limeitwa.

Njia ninayofuata aliichapisha Mfaransa René Massart mwaka 1981, nayo ukiisoma utadhani ni mapishi. Unachukua kloridi mbili za chuma, ile ya njano na ile ya kijani, kwa uwiano wa mbili kwa moja. Mimi hupima gramu 5.4 za njano na gramu 2 za kijani, nikazichanganya kwenye maji yaliyopitishiwa naitrojeni ili hewa itoke. Unapasha mpaka nyuzi 80. Hapo bika (kikombe cha kioo cha maabara) ina rangi ya chai ya rangi isiyo na sukari. Unamimina amonia (pua utaijua mwenyewe), na kabla hujaweka chupa chini ile chai imeshageuka wino. Mwisho wa yote ukikausha unapata gramu mbili na kidogo, haijai nusu kijiko cha chai.

Mara ya kwanza kabisa nilipata uji wa kahawia. Kosa langu: chumvi ya kijani haikuwa ya kijani tena. Kopo lilikuwa limefunguliwa zamani, chumvi imekula hewa mpaka imekuwa njano, maana yake chuma chake kilikuwa kimeshageuka kuwa cha aina ile nyingine na uwiano umeharibika kabla sijawasha jiko. Nililiona lile kopo. Nikajiambia itafaa tu.

Leo kosa ni jingine. Mota ya kukorogea kwa juu ilikuwa imeazimwa chumba cha pili, nikachoka kusubiri, nikaweka bika juu ya jiko la sumaku, na ndani nikatumbukiza kile kijiti cheupe chenye sumaku kinachozunguka chenyewe. Nikamimina amonia. Wino ukatokea, vizuri kabisa, halafu ukaanza kupungua. Maji yanazidi kung'aa, kijiti kinazidi kunenepa. Baada ya dakika chache kilikuwa kama kiwavi mweusi mwenye manyoya, kinajigonga ukutani mwa bika tak, tak, tak.

Mama wa stoo alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake. Akatazama bika, akanitazama mimi.

"Mwanangu, unatengeneza sumaku, halafu unakoroga kwa nini?"

"Kwa sumaku, mama."

"Haya." Akaenda zake.

Kinachonivutia katika chembe hizi ni usahaulifu wake. Msumari ukiugusisha na sumaku mara nyingi unabaki na usumaku kidogo, unaokota sindano. Magnetaiti ikiwa ndogo kiasi hiki haibaki na kitu. Sumaku ikija inavutwa, sumaku ikiondoka joto la kawaida la chumba linatosha kuivuruga, na usumaku wake haupo tena. Zingebaki na usumaku, zingeng'ang'aniana, chupa ingekuwa na mabonge, na kazi zetu zote zingeishia hapo.

Jioni mama yangu mzazi alipiga simu, na swali lake ni lile lile: hiyo dawa yenu ya saratani inatoka lini? Ni kosa langu, mwaka jana nilimsimulia habari za Berlin, kwamba kuna watu waliodunga maji ya chembe kama hizi ndani ya uvimbe wa ubongo, kisha wakazipasha moto kutoka nje kwa uga wa sumaku unaogeuka mara 100,000 kwa sekunde. Habari ni ya kweli na ni nzuri. Ila ndiyo pekee aliyoishika. Nilipomwambia kwamba Marekani mwaka 2009 iliruhusu dawa ya chembe za oksidi ya chuma kwa wagonjwa wa figo waliopungukiwa chuma mwilini, aliniuliza, "Sasa hiyo si kama vidonge vya wajawazito?" Kwa namna fulani, mama, ndiyo.

Mimi sikuja huku kwa ajili ya saratani. Nilikuja kwa ajili ya chupa.

Kabla ya shahada hii nilikuwa maabara ya hospitali moja ya mkoa, upande wa kupima wingi wa virusi vya UKIMWI. Ndani ya boksi la vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, mlikuwa na chupa yenye maji ya rangi ya kahawia ambayo lazima uitikise vizuri, la sivyo chembe zinatuama chini na mashine inakupa majibu ya ovyo. Nimetikisa chupa ile miaka minne bila kujiuliza ndani mna nini. Mlikuwa na sumaku ndogo ndogo: vinasaba vya kirusi vinanata juu yake, sumaku inazishika, uchafu unaoshwa, kinachobaki ndicho kinachopimwa. Boksi likichelewa kufika, sampuli zinakaa kwenye friza na mgonjwa anaambiwa arudi mwezi ujao. Nimewaambia hivyo watu wengi, wengine wametembea kutoka mbali, nikiwa nimeshika kalamu tu.

Kwa hiyo tope langu la wiki iliyopita, lile lililokubali, nimelivika koti la silika, aina ya kioo, kwa sababu asidi nukleiki, yaani vinasaba kama DNA, hunata kwenye silika kukiwa na chumvi kali. Na kwa kazi hii chembe zikipishana ukubwa kidogo si msiba, tofauti na zile za kudunga mwilini. Mwaka 2019 kundi moja la watafiti lilichapisha maelekezo yake yote bure, BOMB wanayaita, na ndiyo niliyobandika ukutani.

Jioni hii nimezijaribu kwa mara ya kwanza, kwa DNA ya bakteria. Jeli, lile bamba laini ambalo umeme husukuma DNA ndani yake mpaka ionekane kama mstari, ilikuwa na njia nne. Ya kwanza rula (DNA ya urefu unaojulikana, ya kulinganishia), ya pili chembe za kununua, mstari mnene. Ya tatu chembe zangu: mstari mwembamba, lakini upo, nimeupiga picha mara sita. Ya nne ni zangu pia, hakuna kitu. Nadhani ethanoli ya kuoshea chembe haikukauka, kwa sababu nilipokuwa nikijaza kishimo rangi ya buluu haikuzama, ilipanda juu ikaelea ikatawanyika, nami nikaendelea kana kwamba sijaona.

Kesho narudia ya nne. Mota nimeshaiandikisha jina langu, kuanzia saa mbili asubuhi.