Nani atalipia rufaa dhidi ya bosi?

Pale kijiweni kwetu Chuno, mjini Mtwara, matokeo yakishakuwa ya ajabu mjadala huwa mfupi: wamekula. Refa kala, kamati imekula, TFF wa soka la nchi wamekula, CAF wa soka la Afrika ndiyo usiseme. Mimi ni mweka hazina wa timu ya mtaa inayocheza ligi ya mkoa, na tangu nikabidhiwe kitabu cha timu, watu niliowaona wakila ni wachache mno. Ninachokiona kila msimu ni kitu kingine kabisa. Hakinuki rushwa, na kwenye mkutano mkuu watu hukipigia makofi.

Nieleze kwa korosho, maana huku kusini bila korosho hatuelewani. Mkulima anabanwa na shida mwezi wa sita: mtoto anadaiwa sare, mgonjwa amelazwa Ligula, na mnada uko mbali, hadi Oktoba huko. Anatokea mtu wa kangomba na fedha mkononi, anainunua korosho ikiwa bado haijaonekana mtini, kwa bei ya kutupa. Serikali inapiga marufuku, na msimu ukifika inapiga marufuku tena. Lakini mkulima mwenyewe hatakwambia ameibiwa. Atakwambia yule bwana alimfaa siku ambayo hakuwa na pa kwenda. Mpira wetu, kuanzia timu yangu hadi huko juu kabisa, unauzwa kwa kangomba.

Timu yetu ina mfadhili. Simtaji, na si mtu mbaya hata kidogo. Mama yangu alipofariki alileta gari lake kubeba watu bila kuombwa. Ndiye anayetoa nauli tukienda Newala au Masasi, ndiye aliyenunua jezi, na mchezaji akiumia goti, ndiye anayepigiwa simu. Mfadhili huyo huyo anaihudumia pia timu ya nyumbani kwao, iliyo kwenye ligi ile ile tunayocheza sisi. Na ni mjumbe wa kamati inayoiendesha ligi hiyo. Kofia tatu, kichwa kimoja.

Kwenye kaunta buku la timu nimechora safu mbili za fedha za watu wa nje: Msaada, na Mkopo. Ukurasa wa safari ya Newala umeandikwa hivi: kukodi Kosta, mafuta, maji katoni, wali wa wachezaji, posho ya kocha. Pembeni nimeandika "Bosi". Safu zote mbili ziko wazi. Nilimuuliza mwenyekiti niingize wapi. Akanijibu, "Andika tu Bosi, mama. Yule si mtu wa kudai."

Ni kweli, hadai. Kurasa zimejaa "Bosi" kuanzia juu hadi chini na sijawahi kuona risiti ya kudaiwa. Sasa sikilizeni yaliyotokea tulipocheza na timu yake ile nyingine.

Walitufunga bao moja, na aliyefunga alikuwa mamluki, mchezaji asiye halali. Kocha wetu alimtambua pale pale. Msimu uliopita alimwona akicheza Tandahimba kwa jina jingine. Picha ya leseni tulikuwa nayo, video ya simu tulikuwa nayo, na shahidi aliyesoma naye alikuwa yupo. Kesi ya namna hiyo hata mtoto angeshinda. Tukakaa jioni kwenye baraza la nyumba ya mwenyekiti kuandika rufaa, na katibu akaiandika vizuri, kwa vifungu. Ikabaki ada. Rufaa bila ada haipokelewi, na muda wa kuiwasilisha ulikuwa unayoyoma. Nikafungua kisanduku mbele yao: sarafu, na risiti ya mipira.

Mwenyekiti akashika simu. Akatafuta namba, akaitazama, akaiweka simu mezani kioo kikiangalia chini. Wote tulijua ni namba ya nani, kwa sababu tukikwama hatuna namba nyingine. Kocha akaanza kucheka, cheko lile la mtu aliyechoka, akasema, "Mpigie basi. Mwambie bosi tunaomba hela ya kukushitaki." Rufaa ile ninayo mpaka leo, imekunjwa ndani ya kaunta buku, ina mhuri na sahihi. Hakuna aliyempa mtu shilingi, hakuna aliyetishwa. TAKUKURU wangekuja usiku ule wangekuta wajumbe wa timu wakinywa chai ya tangawizi.

Kwa hiyo nikisikia wakubwa wakibishana juu ya mgongano wa maslahi, mimi huuliza nani analipa nauli. Mwaka 2021 TFF iliingia mkataba na GSM wa udhamini mwenza wa Ligi Kuu, shilingi bilioni 2.1 kwa miaka miwili. GSM ndio hao hao wafadhili wa Yanga. Simba wakagoma kuivaa nembo hiyo, pakawa na kelele nchi nzima, na Februari 2022 GSM wakajitoa. Watu wengi waliliona kama utani wa jadi. Mimi niliwaona Simba kama timu iliyokuwa na uwezo wa kulipia rufaa yake. Wenye shibe walikataa. Timu ndogo zilizokuwa zikitegemea mgao ule zilikosa fedha, na sikumbuki kama kuna aliyeziuliza.

Azam nao wana lao. Kampuni moja ina haki za kuonyesha ligi na ina timu ndani ya ligi. Mwaka 2013 Yanga waliupinga mkataba wa Azam TV, na hilo la mshindani kuwa mlipaji lilikuwa sehemu ya manung'uniko. Mkataba wa sasa, uliosainiwa 2021, ni wa bilioni 225.6 kwa miaka kumi. Niseme ukweli wangu: fedha hizo zimeziokoa timu nyingi, na Azam FC yenyewe imechukua ubingwa mara moja tu, msimu wa 2013/14. Kama ni mbeleko, basi imemwangusha mtoto.

Lakini ubaya wa jambo hili hauishii kwenye kombe nani kachukua. Mnaikumbuka Aprili 2024, Pretoria, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa? Aziz Ki wa Yanga alipiga shuti likagonga mwamba, likadunda chini, na sisi tuliojazana kwenye banda la video tukaruka. VAR, yaani refa wa video, ikaangalia, bao likakataliwa. Mechi mbili zikaisha bila bao, Mamelodi Sundowns wakapita kwa penalti 3-2. Kabla ya penalti ya kwanza kupigwa, pale bandani jina lililokuwa midomoni mwa watu halikuwa la refa. Lilikuwa la Patrice Motsepe, rais wa CAF tangu Machi 2021, aliyekuwa mmiliki wa Sundowns na ambaye alipochaguliwa uenyekiti wa klabu aliuacha kwa mwanawe.

Sina ushahidi kwamba mtu alimpigia mtu simu, na kwa kweli nadhani hakuna aliyempigia. Refa anaweza kukosea bila kutumwa. Ila jiwekeni mahali pa refa yule: akipatia anasemwa, akikosea anasemwa, na hata Sundowns wenyewe, timu nzuri kweli kweli, hawawezi kushinda mechi Afrika hii bila mtu kukohoa. Baba rais, mwana mwenyekiti, halafu tunaambiwa tuache maneno ya vijiweni! Jirani zetu Namungo wa Ruangwa yaliwakuta hayo hayo. Walipanda Ligi Kuu, wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini 2020, wakacheza hatua ya makundi Afrika, yote hayo kwa jasho la wachezaji. Lakini uwanja wao una jina la Majaliwa, mbunge wa jimbo hilo na Waziri Mkuu wa wakati ule, basi kila penalti waliyopewa ilikuwa na maelezo ya kijiweni.

Huko FIFA kaunta buku ni kubwa zaidi, lakini safu zao wazi nazifahamu. Mei 2011, kwenye hoteli moja Port of Spain, viongozi wa vyama vya soka vya Karibiani waliitwa mmoja mmoja chumbani, wakatoka na bahasha yenye dola 40,000. Mohamed bin Hammam alikuwa anagombea urais wa FIFA dhidi ya Sepp Blatter, rais wa wakati ule. Kiongozi mmoja wa Bahamas alizipiga picha zile noti, kisha akazirudisha. Wengine walielezwa kuwa ni za kuendeleza soka. Hapo ningewauliza: msaada, au mkopo?

Na zile faranga milioni 2 ambazo FIFA ya Blatter ilimlipa Michel Platini, bosi wa soka la Ulaya, mwaka 2011, kwa kazi ya ushauri iliyoisha 2002, wenyewe wawili walisema yalikuwa makubaliano ya mdomo. Kamati ya maadili ya FIFA iliwafungia yeye na Blatter Desemba 2015. Mahakama za Uswisi zikawaona hawana hatia mwaka 2022 na tena 2025. Sheria imewaachia, sawa. Mimi kama mweka hazina bado ningependa kuona karatasi.

Siku hizi hata bahasha haihitajiki. FIFA ina wanachama 211, kila mmoja kura moja, na mpango wake wa Forward unatoa hadi dola milioni 8 kwa kila chama kati ya 2023 na 2026. Machi 2023 pale Kigali, rais wake Gianni Infantino alirudishwa bila mpinzani, kwa makofi. Fedha zile ni halali, zinajenga viwanja na ofisi. Lakini mjumbe gani atasimama kumpinga anayesaini hundi yake? Kwetu nako, mgombea urais wa TFF anatakiwa apate wanachama watano wa kumdhamini. Mwaka 2021 na 2025 baadhi ya wenzake Wallace Karia walikwama hapo hapo, na mwisho akabaki peke yake. Kanuni ilifuatwa, sibishi. Nawaangalia tu wale wanaotakiwa kudhamini, namkumbuka mwenyekiti wangu na simu yake mezani.

Kuna watakaosema tuwafukuze wenye fedha. Hao hawakuiona Ndanda, timu ya hapa Mtwara. Wana-Kuchele walipanda Ligi Kuu 2014, uwanja wa Nangwanda Sijaona ukajaa mpaka watu wakapanda miti, na 2020 wakashuka. Msimu wa 2018/19 ligi yenyewe haikuwa na mdhamini mkuu, na timu inatoka Mtwara kwenda kucheza Kagera, kona hadi kona ya nchi, kwa basi. Mwaka ule mtu angekuja na magunia ya fedha hakuna ambaye angemuuliza ana timu nyingine au hana. Wangemuuliza kama anakula samaki.

Ulaya wana fedha kutushinda na bado wanauliza. Mwaka 2025 Crystal Palace walichukua Kombe la FA, wakajipatia nafasi ya Ligi ya Europa, UEFA, wakubwa wa soka la Ulaya, wakawashusha hadi Ligi ya Conference iliyo chini yake, kwa sababu John Textor alikuwa na hisa kwao na Lyon pia. Mashabiki wa Palace walilia, na niliwahurumia. Lakini kuna mtu alisoma karatasi za hisa.

Mimi nimeomba madogo. Kwenye kikao cha wadau wa ligi yetu nilipendekeza kila mjumbe aandike timu anazozihudumia. Timu hiyo ikijadiliwa, atoke nje. Na ada ya rufaa ilipwe na mfuko tutakaochangia timu zote mwanzo wa msimu, hata kama ni bei ya gunia la mkaa. Bosi alikuwepo. Alitikisa kichwa kukubali, na wala hakununa. Aliyesimama kupinga ni katibu wa timu nyingine, maskini kama sisi: "Sasa mama, bosi akichukia akaondoka, Newala tutakwenda kwa miguu?"

Watu wakacheka, mwenyekiti wa kikao akasema hoja ni nzito, iletwe kikao kijacho. Ajenda nimeshaipata kwenye WhatsApp. Hoja yangu imewekwa ya mwisho, chini ya Mengineyo, na chakula cha mchana siku hiyo kimedhaminiwa na bosi.