Lastiki ya suruali iliyonipangia msitu

Mtu wa kukwambia kwamba siri ya kupanga msitu mdogo wa miti iliyodumazwa kwenye trei ni 1.618, ule uwiano wa dhahabu, hakosekani. Mimi nilimpata, na akanipotezea miezi minne.

Trei yangu ni ya saruji, urefu sentimita 60. Nikaigawa kama Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alivyoeleza, kizima kwa kipande kikubwa kiwe sawa na kikubwa kwa kidogo: 37 na 23. Mkwaju mkuu nikausimamisha hapo penye mgawanyo, nikaukata kimo cha 37, wa pili 23, wa tatu 14. Rula mkononi, kikokotoo mfukoni. Nikajipongeza. Mama Salma akatoka na chai, akatazama, akauliza, "Baba Salma, hawa wanasubiri uji?" Kweli, ilikuwa foleni ya wanafunzi, mrefu hadi mfupi! Na mikwaju yenyewe haijamsoma Euclid: baada ya wiki mbili ilikuwa imechipua, 37 yangu imekwenda na maji.

Kosa nililiona siku nimekaa chini barazani, macho yakiwa sawa na trei. Rula nilikuwa nimeitumia nimesimama, natazama kutoka juu, na mgeni anatazama kutoka mbele.

Nikaenda kwa fundi cherehani, akanipa kipande cha lastiki ya suruali kwa vijisenti. Nikaitia alama za wino: mwanzo, sentimita 6.2, na 10. Ivute utakavyo, alama ya kati inasogea lakini uwiano haubadiliki. Nyoosha mikono mbele yako, fumba jicho moja, vuta mpaka alama za mwisho ziguse kingo za trei: ya kati ndipo pa mti mkuu. Igeuze wima, kutoka udongo hadi kilele, nayo inakuonyesha bega la jiwe unaloweka kando ya miti lifike wapi. Majirani walidhani napiga manati.

Mingine sikuipima. Wa pili niliusukuma nyuma ya mkuu, karibu wagusane. Wa tatu nikauleta mbele, kwenye jiwe. Wachina wamepanga penjing zao, mandhari ndogo za miti na mawe kwenye trei, karne nyingi bila kumuuliza Euclid. Ila jiwe lizike mpaka theluthi, usiliweke juu ya udongo kama bakuli lililosahauliwa.

Lastiki yenyewe usiianike juani. Yangu ya kwanza ililegea upande mmoja bila mimi kujua, nikang'oa mkwaju uliokuwa mahali pake na kuuhamisha bure.