Siku tano Bagamoyo na kanga ya mama

Mwezi Juni, shule zilipofunga, nilikwenda Bagamoyo kushiriki kambi ya sanaa ya siku tano iliyokuwa na warsha mbili za vitendo kila siku, moja asubuhi na nyingine alasiri. Mimi ni mwalimu wa jiografia mjini Morogoro na sikusomea uchoraji. Ninachokimudu ni ramani ya ubaoni. Kilichonivuta ni kwamba tungetengeneza picha za mchanganyiko, ambazo rangi, karatasi, kitambaa, uzi na hata vitu vilivyotupwa hukaa pamoja juu ya ubao mmoja. Nilijiambia kuwa asiyeweza kuchora pua ya mtu huenda akaweza kubandika.

Orodha ya vifaa ilitufikia usiku wa kuamkia safari, kwa hiyo nilibeba nilivyodhani vitafaa: katani ambayo haijasokotwa, magazeti, kopo la rangi ya mafuta, na kanga ya marehemu mama yangu yenye jina lisemalo "Wema hauozi". Rangi ya mafuta niliichagua kwa sababu nilikwisha kuwatazama wachoraji wa Tingatinga pale Morogoro Stores, Oysterbay, Dar es Salaam, wanaoendeleza mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kung'aa juu ya mbao nyembamba za dari. Kama ilimtosha yeye, niliona, mimi ni nani niikatae.

Siku ya kwanza niliupaka ubao wote rangi hiyo, na siku ya pili, ilipokuwa imekauka mkononi, nikaongeza juu yake rangi ya akriliki tuliyogawiwa kambini. Asubuhi ya tatu mkufunzi wetu, kijana wa rika la mwanangu wa kwanza, aliniamkia kwanza, kisha akapitisha ukucha chini ya ile akriliki nayo ikanyanyuka nzima kama ganda la kitunguu. "Mama, mafuta yanakubali kukaa juu ya akriliki iliyokauka, lakini akriliki haikai juu ya mafuta," alisema. Alinieleza kwamba rangi iliyochanganywa kwa maji haipati pa kushikilia kwenye uso wenye mafuta na utelezi, na kwamba rangi ya chini huendelea kukauka kwa siku nyingi hata kama kidole hakichafuki tena. Nilikuwa nimepoteza siku mbili, na nakiri kwamba nilifikiria kurudi nyumbani.

Badala yake niliomba ubao mwingine. Safari hii niliusugua kwa msasa, nikaupaka rangi nyeupe ya msingi, nikasubiri, kisha nikabandika magazeti. Yalijikunja na kutoa mapovu, kwa maana karatasi ikilowa hutanuka, na nilikuwa nimepaka gundi upande mmoja tu. Nilipopaka ubao na karatasi pia, nikasukuma hewa kutoka katikati kwenda pembeni kwa kadi ya benki iliyokwisha muda, yalilala vizuri. Kusubiri ndiko kulikonitesa, kwani hewa ya pwani ina unyevu na kila tabaka lilichukua saa nyingi kuliko nilivyozoea kwetu Morogoro.

Muda huo tuliutumia ufukweni, mahali ambapo mafundi hutengeneza majahazi na kushindilia pamba kwenye nafasi zilizo kati ya mbao ili maji yasiingie. Tuliokota vipande vya tanga na kamba zilizochakaa, mpaka mzee mmoja akatuuliza kama huko tulikotoka takataka zimekwisha.

Iliyobaki ilikuwa kanga. Wenzangu walikata vitambaa vyao bila kusita, lakini mimi kila niliposhika mkasi mkono ulikataa. Mkufunzi akanionyesha njia nyingine: jina la kanga litolewe kopi kwenye mashine inayotumia wino wa unga, kwa kuwa wino wa maji huchuruzika, kopi ilazwe kifudifudi juu ya akriliki nzito isiyo na rangi na kuachwa usiku kucha, kesho yake mgongo wa karatasi ulowanishwe na kusuguliwa kwa vidole hadi karatasi itoke na maandishi yabaki. Nilisugua karibu saa nzima, taratibu, maana ukikazana unaondoka na herufi. Zilipojitokeza, zilikuwa zimegeuka, zinasomeka kutoka kulia kwenda kushoto kama kwenye kioo. Nilipaswa kuagiza kopi iliyogeuzwa, na hapo ilikuwa siku ya nne jioni.

Nilikaa nikizitazama hadi nikakumbuka kwamba nilikwisha kuziona hivyo: kanga ikiwa imeanikwa uani, jua likiipenya, nawe umesimama upande wa pili, jina lake huonekana hivyo hivyo. Basi siku ya tano nilisokota katani nikaivuta juu ya maandishi iwe kamba ya kuanikia, nikabandika vipande vya tanga pembeni kama nguo nyingine, na magazeti nikayafunika kwa rangi nyepesi ya udongo ili yawe ukuta wa nyumba. Kanga yenyewe nilirudi nayo nzima.

Kwa kuwa akriliki changa hunata, nilifunika picha kwa karatasi ya kuokea keki kabla ya kuifunga na kupanda basi. Mama mdogo alikuja kuitazama jioni ile ile. Aliitambua kanga ya dada yake kabla sijasema neno, akainamisha shingo huku na huku, kisha akaniambia, "Sasa mwanangu, zunguka huko uani utusomee."