Daftari la Nyota Pacha

Kazi yangu ya mchana ni ukarani wa kuhesabu mizigo bandarini, na labda ndiyo sababu ninapowasoma wanaastronomia wa zamani ninavutiwa zaidi na walioshinda wakiandika orodha kuliko walioibua nadharia kubwa. Ninayempenda kuliko wote ni Robert Innes, aliyezaliwa Edinburgh mwaka 1861, akawa mfanyabiashara wa mvinyo mjini Sydney, na huko akaanza kutafuta nyota pacha, yaani nyota mbili zinazoonekana zimekaribiana, kwa hiari yake tu. Mwaka 1896 alipata kazi katika kituo cha kutazamia nyota cha Cape, Afrika Kusini, kazi ya ukatibu, si ya astronomia. Usiku akawa anarudi kwenye darubini. Kufikia mwisho wa safari yake alikuwa amegundua jozi 1,628, na mwaka 1927, akiwa Johannesburg, alitoa katalogi ya nyota pacha za anga la kusini.

Jozi moja hupimwa kwa mambo mawili: umbali baina ya nyota hizo, unaoandikwa kwa sekunde za tao (sekunde moja ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja), na pembe ya mkao wa ile hafifu kwa ile angavu, inayohesabiwa kuanzia kaskazini kuelekea mashariki. Jambo la tatu ni tarehe, nami naona ndilo lenye thamani kuliko yote, kwa maana kipimo kisicho na tarehe ni sawa na risiti isiyo na siku. Vipimo vya miaka mingi vikipangwa pamoja, njia ya mzunguko hujitokeza. Na umbali wa nyota hizo kutoka kwetu ukijulikana, tungamo lake hupatikana kwa hesabu.

Rijili Kantori, yaani Alfa Kentauri, ni mfano mzuri. Padri Jean Richaud aliiona kuwa ni nyota mbili mwaka 1689 akiwa Pondicherry, India, ng'ambo ya Bahari Hindi hii yetu, alipokuwa akitazama nyotamkia. Nyota hizo huzungukana kwa muda wa miaka 80 hivi, kwa hiyo tangu siku zake zimekamilisha mizunguko minne na ushei, na ni vigumu mtu mmoja kuufuata hata mzunguko mmoja tangu mwanzo hadi mwisho akiwa na akili ya utu uzima. Mwaka 2016 zilikaribiana hadi kiasi cha sekunde 4, na tangu hapo zinaachana.

Hapa Mombasa nyota hiyo hupanda hadi nyuzi 33 upande wa kusini, juu ya Likoni, na wakati wake mzuri wa jioni ni Mei na Juni, yaani mwishoni mwa masika, mawingu yanapotanda na lenzi kulowa unyevu wa chumvi kabla hata sijaielekeza darubini. Mwaka jana nilipata usiku mmoja tu. Nilizima mota inayoizungusha darubini ifuate anga, nikaiacha nyota ijikokote yenyewe juu ya migawanyo 50 iliyochorwa ndani ya lenzi ya kutazamia, huku mpwa wangu akishika saa na kuuliza kila mara, "Mjomba, nibonye sasa?" Ilichukua sekunde 56. Nyota iliyo mbali hivyo na ikweta ya anga husogea sekunde 7.3 za tao kwa kila sekunde ya saa, kwa hiyo mgawanyo mmoja una thamani ya 8.2, na jozi yangu ilizidi mgawanyo mmoja kidogo: sekunde 9 hivi.

Pembe ndiyo iliyoniaibisha. Kioo kilichopinda mwanga kuelekea jichoni hugeuza picha, mashariki ikawa magharibi, nami nikaandika namba nzima kinyumenyume, kisha nikaandika saa tatu usiku mahali panapotakiwa saa 18 za saa ya dunia. Karani wa miaka 20! Niligundua asubuhi, nikapiga mstari mmoja juu ya kosa ili liendelee kusomeka, nikaandika namba iliyo sahihi pembeni pamoja na tarehe kwa mtindo wa katalogi, yaani mwaka na sehemu yake iliyopita, 2025.45, na ukurasa unaofuata nikauacha wazi kwa ajili ya Juni ijayo.