Mradi wa Nebula ya Orioni: rangi zimeanza kutoka

Hatimaye nebula ya Orioni, wingu la gesi na vumbi lililo mbali angani, imetoa rangi. Si wekundu ule wa majarida, ni waridi hafifu pembeni na weupe katikati, lakini imetoka kwa kamera ya kawaida, lenzi ya milimita 50 na stendi, juu ya paa la nyumba hapa Kibokoni, Mombasa, huku taa za bandari ya Kilindini zikichafua anga.

Mahali petu panasaidia na kutatiza. Mombasa iko nyuzi 4 kusini ya ikweta, na nebula hii iko kama nyuzi 5 kusini ya ikweta ya mbingu (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia), basi hupita karibu kabisa na utosi na mwanga wake haukati hewa nyingi. Ila nyota za upande huo ndizo ziendazo mbio zaidi, nyuzi 15 kwa saa. Bila mota ya kuzifuata, shata, yaani mlango wa mwanga wa kamera, ikikaa wazi zaidi ya sekunde chache nyota zinavutika kuwa vistari.

Dawa yake ni picha fupi fupi nyingi, kisha kuzipandanisha kwenye kompyuta. Nebula hurudi pale pale kila picha. Chenga, vile vidoa vidogo vinavyochafua picha za gizani, hubadilika ovyo. Lakini picha 100 hupunguza chenga mara 10 tu, kwa sababu hesabu hufuata kipeuo cha pili cha idadi ya picha. Kuzipunguza tena kwa nusu kunataka picha mara nne. Hapo ndipo usingizi unapoisha. (Lenzi nayo hushika unyevu wa bahari, kitambaa hakitoki mkononi.)

Ami aliiona kwenye simu akaniuliza: “Sasa mwanangu, rangi hii iko, au umeitia wewe?”

Iko. Nyota changa zilizo ndani ya wingu hilo huichoma gesi kwa mwanga wa urujuanimno, usioonekana kwa macho, na haidrojeni hujibu kwa mwanga mwekundu wa nanomita 656. Gizani macho yetu hutumia seli zisizojua rangi, na wekundu huo karibu haziuoni kabisa. Hata kamera yangu ina kichujio kinachozuia sehemu kubwa yake, ndiyo sababu picha imepauka.

Picha ya Nguzo za Uumbaji, minara ya gesi na vumbi katika nebula nyingine, iliyopigwa na darubini ya angani ya Hubble mwaka 1995, jibu lake ni jingine. Pale haidrojeni ilipewa kijani, salfa nyekundu, oksijeni buluu. Haidrojeni na salfa zote hung'aa kwa wekundu. Zikiachwa hivyo zinamezana. Kwa hiyo rangi zimetiwa, na zimetiwa kwa haki, maana ni ramani ya gesi. Darubini ya angani ya James Webb mwaka 2022 ilipiga nguzo zile zile kwa infraredi, mwanga usioonekana kwa jicho lolote la mtu, na vumbi likawa kama shela nyepesi, nyota za nyuma zikajaa tele.

Ami hakuridhika na hilo la pili. Nikamkumbusha kwamba setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kutengwa kwa ajili ya eksirei za angani, ilirushwa hapa hapa pwani, kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Eksirei hazina rangi hata kidogo. Anayezichora lazima achague.

Kinachoniudhi ni picha zisizosema zimechaguliwa rangi gani. Zangu nimeanza kuziandikia chini: mwanga gani, sekunde ngapi, nini kimeongezwa. Masika yakiwahi kabla sijapata picha za kutosha, nitahamia nebula ya Karina, ambayo msimu huo hupanda kusini mapema usiku, mawingu yakiruhusu.